Maili 55 kwa Saa

Mama mkwe wa Harry Truman alifariki dunia tarehe 5 Desemba 1952 ndani ya Ikulu ya Marekani, kwenye makazi ya mkwe ambaye hakuwahi kumwona kuwa saizi ya binti yake. Kufikia siku hiyo Harry na Bess walikuwa na miaka 33 ya ndoa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo Madge Wallace alikula nao meza moja. Walipooana mwaka 1919 hawakutafuta nyumba yao. Walihamia kwa akina bibi harusi, namba 219 mtaa wa North Delaware, mjini Independence, jimbo la Missouri, na wakakaa hapo mpaka useneta ulipompeleka Harry Washington. Huko nako bimkubwa hatimaye akawafuata. Mkwe akawa seneta, akawa makamu wa rais, akawa rais, akatupa mabomu Hiroshima na Nagasaki, akapeleka majeshi Korea. Kwa bimkubwa alibaki kuwa mkulima wa Grandview aliyebahatika kuoa kwenye ukoo wa watu.

Miezi sita na nusu baada ya msiba huo, Ijumaa ya tarehe 19 Juni 1953, saa moja na robo asubuhi, Harry aliwasha Chrysler New Yorker nyeusi mbele ya nyumba ileile. Alikuwa na umri wa miaka 69, Bess 68. Urais alikuwa ameshamkabidhi Dwight Eisenhower mwezi Januari. Garini hamkuwa na mama mkwe, wala dereva, wala katibu, wala mlinzi. Walikuwa wanakwenda Washington kusalimia marafiki, kisha New York kumwona Margaret, mtoto wao wa pekee, mwimbaji wa miaka 29. Katikati ya safari ingeangukia tarehe 28 Juni, sikukuu yao ya ndoa: miaka 34.

Msomaji aliyezoea misafara ya wakubwa, pikipiki mbele, ving'ora nyuma, magari ya raia yamesukumwa pembeni saa nzima kabla, atasoma aya hiyo mara mbili. Lakini ndivyo sheria ilivyokuwa. Marekani ya mwaka 1953 ilimlinda rais akiwa madarakani; akishatoka alikuwa raia kama raia mwingine. Ulinzi wa kudumu kwa marais wastaafu ulikuja mwaka 1965, Rais Kennedy akiwa ameshauawa. Na si kwamba Truman alikuwa mtu asiye na maadui. Tarehe 1 Novemba 1950, wakati Ikulu inakarabatiwa na familia inaishi Blair House ng'ambo ya barabara, wanaume wawili wenye bastola walijaribu kuingia kwa nguvu ili wamuue. Askari mmoja alipoteza maisha, pamoja na mmoja wa washambuliaji. Miaka mitatu haijatimia, mtu huyohuyo anajiwekea mafuta ya safari na kuuliza njia.

Habari ya mafuta inatufikisha kwenye habari ya pesa, ambayo imepigwa chumvi nyingi. Inasimuliwa kwamba Truman alitoka Ikulu fukara. Kweli, rais mstaafu hakuwa na pensheni ya urais. Alichopata ni malipo yake ya uzeeni kutoka jeshini, dola 112 na senti kadhaa kwa mwezi. Pensheni ya marais ilipitishwa mwaka 1958, na hali ya Truman ilitajwa sana katika mjadala huo. Ila mapema mwaka 1953 alikuwa ameuza haki za kumbukumbu zake kwa dola 600,000, za kulipwa kwa awamu na kukatwa kodi nono, na masika ya mwaka huo yeye na Bess walipumzika Hawaii, kwenye kisiwa cha tajiri mmoja wa mafuta. Kwa hiyo wazee hawa hawakupanda gari kwa kukosa nauli ya treni. Walitaka wenyewe.

Harry ndiye aliyetaka zaidi. Mtu huyu alikuwa na ugonjwa wa barabara tangu ujanani, na ugonjwa wenyewe ulianzia kwenye mapenzi. Alimjua Bess wakiwa watoto wa miaka sita na mitano, katika darasa la Jumapili kanisani. Mwaka 1911 alimposa kwa barua, akakataliwa. Hakukata tamaa, lakini kati ya shamba lao la Grandview na Independence palikuwa na maili kama 20, na safari ya treni na tramu ilimla siku nzima. Mwaka 1914 akanunua gari la mitumba, Stafford la mwaka 1911, kwa dola 650, fedha ambazo kwa familia ya wakulima wenye madeni zilikuwa nyingi mno. Uchumba ukapata magurudumu. Gari hilo lilibeba ndugu wa Bess kwenda matembezini, likapanda milima kwa tabu, likazamishwa matopeni mara zisizo na idadi. Ndoa ilisubiri mpaka Harry arudi kutoka Ufaransa, alikokuwa kapteni wa mizinga katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Fungate walilifanyia Chicago, Detroit na Port Huron, na Port Huron ikabaki kwa Harry jina la raha yenyewe.

Baadaye barabara zikawa kazi. Kaunti ya Jackson ilimchagua kuwa "jaji", cheo ambacho huko kilikuwa cha utawala na hakikuhusu mahakama, na alichofanya kwa bidii kuliko yote ni kuwashawishi wapiga kura wakope mamilioni ya dola kujenga barabara za zege. Mwaka 1926 akawa pia rais wa chama cha kitaifa kilichotetea njia za kale za kuelekea magharibi. Chama hicho, pamoja na jumuiya ya wanawake wazao wa wapiganaji wa mapinduzi ya Marekani, kilisimamisha sanamu 12 za mama wa msafara kati ya mwaka 1928 na 1929: mwanamke mwenye bunduki mkono mmoja, mtoto mchanga mkono wa pili, na mwingine aking'ang'ania gauni lake. Truman alizunguka majimbo akikagua mahali pa kuziweka. Mwanamke huyo wa zege alimfaa sana, maana nyumbani kwake naye alikuwa na mwanamke aliyeamua mambo. Hadharani alimwita "Bosi".

Bosi alikuwa na masharti. La kwanza: gari lisizidi maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88.

Harry alipenda kasi, na New Yorker ya mwaka 1953 ilikuwa na injini ya silinda nane isiyopenda kubembelezwa. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1960, *Mr. Citizen*, Truman mwenyewe anasimulia jinsi mambo yalivyokuwa. Bess aliuliza spidomita inasemaje. Harry akajibu kwamba inasema 55. Bess, aliyekuwa ameiangalia kwa macho yake, akataka kujua kama mumewe anadhani amepofuka, kisha akamwambia apunguze. Ikawa hivyo njia nzima. Magari yalianza kuwapita, na kila lililopita lilipata nafasi ya kuchungulia dirishani na kugundua nani kashika usukani. Dereva wa mbele akapunga mkono, wa nyuma akapiga honi. Mwendo ule wa heshima ndio uliowaumbua.

Na kuumbuliwa ndiko Bess alikokuwa anakukimbia maisha yake yote. Baba yake alijiua mwaka 1903, Bess akiwa na miaka 18, na mji mdogo kama Independence ukalizungumza jambo hilo kwa namna ambayo miji midogo huzungumza. Mama alijifungia ndani. Binti akawa mkubwa wa nyumba, mlezi wa mama na wadogo zake watatu, na tangu hapo hakupenda mtu wa nje ajue chochote kinachotokea nyuma ya mlango wake. Alipoingia Ikulu alifuta ile mikutano ya waandishi wa habari aliyoianzisha mtangulizi wake, Eleanor Roosevelt, na maswali aliyojibu kwa maandishi aliyajibu kwa neno moja moja. Waandishi walimwona mkavu. Hawakujua kwamba Harry akiwa safarini alimwandikia barua karibu kila siku. Zaidi ya 1,200 zimesalia. Za Bess kwenda kwa Harry ni chache, kwa sababu Bess mwenyewe alizitia moto.

Mtu wa namna hiyo anakubalije kuvuka majimbo kadhaa barabarani, akilala moteli, akila migahawa ya njiani? Nadhani alipiga hesabu. Ndani ya treni wangekuwa na abiria, wapagazi na wahudumu saa zote. Ndani ya gari wangekuwa wawili.

Hesabu ilikaa sawa kwa saa chache. Mchana wa kwanza walisimama Hannibal, mji alikokulia Mark Twain, wakaingia mgahawani wakaagiza chakula. Hakuna aliyewajali. Walianza kuamini kwamba jambo linawezekana, mpaka sauti kutoka kona ya pili ilipopaza kwamba yule pale ni Jaji Truman. Walikuwa maofisa wa zamani wa kaunti, waliomjua tangu enzi za barabara za zege. Karibu miaka minane ya urais haikufuta cheo walichomjulia. Baada ya hapo kila meza iliinuka kuja kushika mkono, na wahudumu wakaleta karatasi za kutia saini.

Jioni waliingia Decatur, Illinois. Harry alisimama kituo cha mafuta alichokizoea tangu akiwa seneta, akatambuliwa tena, akaelekezwa kwenye moteli. Hakuwahi kulala moteli maishani. Habari zilimfikia mkuu wa polisi wa mji, ambaye alihesabu upesi nini kitampata iwapo rais mstaafu atadhurika katika eneo lake, akawatuma askari wake wakae nao. Askari hao walikula nao chakula cha jioni na kuwarudisha chumbani. Polisi walionekana kuhema kwa raha kesho yake gari lilipovuka mpaka wa mji.

Jioni hiyohiyo, katika gereza la Sing Sing jimboni New York, Julius na Ethel Rosenberg waliuawa kwa kiti cha umeme kwa kosa la kula njama ya upelelezi. Jana yake walitimiza miaka 14 ya ndoa. Ombi lao la msamaha lilikuwa limefika Ikulu mwezi Januari, siku za mwisho za Truman, naye akamwachia mrithi wake aamue. Mwandishi wa maisha ya Truman anayetaka kumchora kama babu mcheshi mwenye kofia ya majani huiruka tarehe hii. Isirukwe.

Kutoka Decatur walifuata barabara namba 36 hadi Indianapolis, wakala mchana kwa rafiki, kisha wakashika namba 40. Hii ndiyo njia ambayo Harry angeweza kuiendesha usingizini. Upande wake wa mashariki unafuata barabara ya kwanza kujengwa kwa fedha za serikali kuu ya Marekani, iliyoanza Cumberland, Maryland, mwaka 1811 na kufika Wheeling mwaka 1818. Katika Richmond, Indiana, wanapita penye mmoja wa wale akina mama 12. Katika Springfield, Ohio, wanapita penye mwingine, wa kwanza kuzinduliwa, tarehe 4 Julai 1928. Walilala Wheeling. Jumapili wakala mchana Frostburg, kwenye mgahawa wa Mgiriki mmoja mtaa mkuu, na kiti walichokalia kikawa sifa ya mgahawa kwa miongo iliyofuata. Hivyo ndivyo barabara za zamani zilivyokuwa: zilikupitisha katikati ya mji, mbele ya benki, kanisa na mgahawa, zikakulazimisha kuonekana.

Washington haina mengi ya kutusimamisha. Walikaa hotelini kama wiki hivi, joto kali, wageni wengi, siasa nyingi. Tarehe 26 Juni Harry alihutubia maofisa wa akiba wa jeshi mjini Philadelphia na kumshambulia Eisenhower kwa kupunguza bajeti ya ulinzi. Mzee alikuwa likizo, ulimi haukuwa. Kesho yake wakaingia New York.

Margaret alikuwa akiishi huko kwa kazi yake ya uimbaji, na wazazi wakafikia hoteli ya Waldorf-Astoria. Familia ile ilikuwa ya watu watatu walioshikamana kwa namna iliyowashangaza hata watumishi wa Ikulu. Walikwenda pamoja kuona *Wonderful Town*, mchezo wa muziki uliokuwa gumzo la mji ukiongozwa na Rosalind Russell. Sikukuu yenyewe ya ndoa iliangukia Jumapili.

Hapa niseme neno kuhusu sherehe zetu. Ndoa ikifika miaka 25 au 50 kwetu huundwa kamati, mwenyekiti akachaguliwa, kadi za mchango zikasambazwa, sare za kitenge zikashonwa, ukumbi ukakodiwa, na MC akakabidhiwa kipaza sauti asichotaka kukirudisha. Sina ugomvi na kamati. Kuna wazee waliolia kwa furaha siku hiyo. Lakini angalia wanapoketi wanajubilei. Huwa meza kuu, wametazamishwa ukumbini, hawasikilizani kwa muziki, wakisubiri kuambiwa lini wasimame wakate keki. Saa sita zinapita mume na mke hawajapata nafasi ya kuzungumza. Harry na Bess, kwa maili zote walizobishana kuhusu spidomita, walizungumza.

Tunajua kidogo Harry alivyoikumbuka siku ile, kwa sababu miaka minne baadaye, tarehe 28 Juni 1957, alimwandikia mkewe barua ya ajabu. Aliorodhesha kila tarehe 28 Juni tangu harusi, mwaka kwa mwaka, na mbele ya kila mmoja akaweka maneno machache. Mwaka 1922, mwaka wa kufa kwa duka lake la nguo za kiume Kansas City, hawana senti, wako pabaya. Mwaka 1924 wamepata binti. Mwaka 1925 hana kazi. Mwaka 1927 ni jaji tena, wanakula tena. Miaka ya urais inapita humo kwa maneno machache vilevile, ya shida na ya furaha. Alipofika mwaka 1953 aliandika kwamba wamerudi nyumbani na maua ya waridi ni mengi. Kwa kalenda amekosea: siku hiyo walikuwa Waldorf, na nyumbani palikuwa maili zaidi ya 1,000 kutoka pale. Bess hakuwa mtu wa kumwacha mumewe akosee, iwe kasi au tarehe, ila barua imebaki ilivyo.

Waliondoka New York tarehe 5 Julai. Kurudi, Harry alichagua barabara ya kulipia ya Pennsylvania, iliyofunguliwa mwaka 1940, pana, nyoofu, bila taa wala miji, mfano wa zile zilizokuwa zinakuja. Akiwa katika mwendo alioamriwa, alikaa njia ya kushoto, ile ya kupitia magari, na foleni ikajipanga nyuma yake. Karibu na Bedford askari kijana wa doria akamsimamisha. Alipoinama dirishani akaona anazungumza na nani. Hakumwandikia faini, alimwonya akae kulia, na Harry akaahidi kujirekebisha. Kwa hiyo mtu aliyejenga barabara za kaunti na kusimamia sanamu za njia kuu alikamatwa na trafiki kwa kwenda polepole. Magazeti yalifurahi sana.

Walifika Independence tarehe 8 Julai, siku 19 tangu waondoke, wamekwenda takriban maili 2,500, sawa na kilomita 4,000. Katika *Mr. Citizen* Truman alikiri kwamba jaribio la kusafiri kama watu wa kawaida lilishindikana. Safari yao kubwa iliyofuata, ya mwaka 1956 barani Ulaya, ilikuwa ya meli na treni, na waandishi walikuwa tele. Mwaka huohuo, tarehe 29 Juni, Eisenhower alitia saini sheria ya barabara kuu za kuunganisha majimbo, na katika miaka iliyofuata mojawapo ya hizo, I-70, ikachukua sehemu kubwa ya magari ya namba 40. Miji iliyowaumbua Harry na Bess haikuona tena msafiri ila aliyepotea njia.

Ndoa yao ilifika miaka 53. Jubilei ya dhahabu, mwaka 1969, waliifanya kimya nyumbani. Harry alifariki tarehe 26 Desemba 1972, Bess tarehe 18 Oktoba 1982, akiwa na miaka 97.

Atakayetaka kuifuata njia yao leo bado anaweza: aache I-70 na kushika namba 36 na namba 40 popote zilipobaki, apite Decatur, Richmond, Springfield na Frostburg, na kila mmoja wa wale akina mama wa zege atakaoonekana njiani ni wa kusimama na kupiga picha. Aanzie North Delaware. Katika wosia wake Bess aliiacha nyumba hiyo kwa taifa, na vyumba vya chini viko wazi kwa wageni. Ghorofa ya juu, walikolala, aliagiza isifunguliwe kwa umma maadamu Margaret yu hai. Margaret alifariki mwaka 2008.